Kibaya chajitembeza, na siku hizi kina bando

Kila ikifika Novemba mji huu unashikwa na wazimu ambao hakuna aliyewahi kunieleza ukanikaa. Mombasa hii, mji ambao Ijumaa ni kanzu nyeupe, ni udi, ni biriani ya mchana, ni maduka ya Biashara Street kushusha milango watu wakaswali kwanza, halafu mfukoni simu inalia ti! ujumbe: Black Friday, bei zimeanguka, fanya haraka kabla stoki haijaisha. Ijumaa nyeusi, Mombasa. Tena siku hizi si siku moja, ni mwezi mzima, Ijumaa zote za Novemba nyeusi, mpaka unajiuliza Desemba imebakishiwa nini.

Na sikukuu yenyewe hata si yetu. Wamarekani wana Thanksgiving, siku yao ya kumshukuru Mungu, Alhamisi ya nne ya Novemba, kesho yake watu hawaendi kazini, wanavamia maduka. Jina walianza polisi wa Philadelphia, miaka ya 1950 na 1960, walikuwa wamechoka na foleni za magari na watu mjini siku hio ndio wakaiita nyeusi kwa hasira. Wenye maduka mwanzo hawakulipenda, baadaye wakalichukua wakaligeuza la sherehe. Lakini lililonichekesha mie ni la nyuma kidogo. Mwaka 1939 Rais Roosevelt aliisogeza Thanksgiving mbele wiki nzima, ije mapema, manake wafanyabiashara walikuwa wakilia kwamba msimu wa kununua kabla ya Krismasi utakuwa mfupi. Majimbo mengine yakakubali, mengine yakakataa, watu wakala bata mzinga kwa wiki tofauti, mpaka 1941 bunge lao likatunga sheria ya Alhamisi ya nne yakaisha. Sisi huku tunagombana mwezi umeandama ama haujaandama, wenzetu waligombana siku ya kumshukuru Mungu isogezwe kiasi gani kwa ajili ya kaunta.

Waarabu angalau waliona haya kidogo. Souq, ile kampuni ya Dubai ya kuuza vitu mtandaoni, ilipoileta biashara hii nchi za Kiarabu mwaka 2014 iliibadilisha jina ikaiita White Friday, manake Ijumaa utaiitaje nyeusi mbele ya Waislamu ukatarajia wakununulie. Sisi hatukugusa hata herufi moja.

Mie sina ugomvi na Mmarekani wala na diskaunti, kitu kikishuka bei nanunua kama mtu mwengine yeyote. Ninachotaka tukae tukizungumze ni hichi: huyu anayetuambia tununue, analipwa na nani? Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wao walisema enzi ambazo kibaya kilitembea kwa miguu, kikibisha hodi ukikifukuza kimekwenda zake kwa jirani. Siku hizi kina bando. Kinaamka na wewe alfajiri kabla hujaswali.

Sasa tusidanganyane. Kuna watu wakiandika habari hizi wanafanya kama Mswahili alikuwa amejikalia zake na leso moja na dira moja, ametosheka, mpaka televisheni ikaja ikamharibu. Uongo mtupu. Pwani hii ilikuwa na fesheni kabla ya umeme. Katikati ya karne ya 19 kila mtu alitaka merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichofumwa viwanda vya Massachusetts kule Marekani kikaletwa na merikebu za Salem, bandari ya huko huko, mpaka vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikakata mzigo, Mwingereza na viwanda vya Bombay wakaingia pale pale kwenye nafasi. Halafu zikaja leso, na hapo ndipo wazungu walipokoma. Wanachora mtindo, wanachapa huko Ulaya, wanapakia melini, mzigo ukifika Zanzibar ama Mombasa wanawake wameshahamia mtindo mwengine, leso zinadoda. Hakuna redio, hakuna bango, hakuna mtu wa kuwaambia hii ndio mpya. Walikuwa wakiambiana wenyewe. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la Mali ya Abdulla hapo Biashara Street, limeanza 1887, na mpaka kesho ukipita msimu wa harusi utawakuta kina mama wamesimama wanasoma majina ya leso, wengine wanacheka, mmoja amekunja uso kwa sababu ameshajua hio leso itanunuliwa kwa ajili yake.

Na lelemama je, ile ngoma ya kina mama? Vyama vya kina mama vya mji huu vilikuwa vikishindana wazi wazi, chama hichi kikitoa sare ya namna hii kile kinatoa ya namna ile, hawa wakichinja wale wanachinja zaidi, na waume huko nao na beni zao na magwaride ya kuiga maofisa wa kizungu. Nyanyangu alikuwa akisimulia anacheka mpaka anatoka machozi. Watu walitumia pesa ambazo hawana. Kwa hio tamaa ya kuonekana hatukuazima kwa mtu, ni yetu, ya ukoo.

Lakini angalia kitu kimoja. Mpinzani wako alikuwa mtaa wa pili. Unamjua, unajua mumewe anafanya kazi gani bandarini, unajua ile dhahabu aliyovaa ni ya khaloo yake ameazima, kesho kutwa utamwona hana. Ngoma ikiisha mashindano yameisha mpaka mwaka mwengine. Muuza leso alifaidika, sikatai, lakini hakuwa na uwezo wa kuanzisha ngoma wala kuizuia isiishe. Huo uwezo ndio umeletwa na media, na ili uelewe umeletwa vipi lazima urudi kwenye redio.

Redio ilipoanza hakuna aliyejua itakula wapi. Mtu ameshanunua kisanduku chake, sauti inakuja bure hewani, sasa mwimbaji atalipwa na nani? Tarehe 28 Agosti 1922 kituo cha New York kinaitwa WEAF kikauza dakika zake kwa kampuni ya majumba, wakasifu fleti zao za Jackson Heights kule Queens, na hilo ndilo watu wanalihesabu tangazo la kwanza la redio la kulipiwa. Mwaka huo huo London ikaanzishwa BBC, yenyewe ikapita njia nyengine: kila mwenye redio akate leseni ya shilingi 10 kwa mwaka, matangazo ya biashara hakuna. Miezi michache tu, njia zimeshagawanyika. Huku anayesikiliza ndiye analipa, kule analipa mwenye kitu cha kuuza.

Ile ya New York ndiyo ilishinda karibu dunia nzima, na ilishinda kwa akili. Miaka ya 1930 watengeneza sabuni kina Procter & Gamble walidhamini tamthilia za mchana, manake mchana nyumbani yupo mama na mama ndiye ananunua sabuni, na hadithi ziliandikwa ili zisiishe, kila siku inakatwa mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango. Jina la sabuni likazigandia tamthilia hizo mpaka leo, kwa Kiingereza soap opera. Tukikaa jioni tukiangalia za Kituruki na za Kihindi zilizotiliwa Kiswahili, mama mkwe amesimama muziki unapigwa mara saba anageuka polepole halafu tangazo, hio ni kazi ya muuza sabuni wa zamani sana. Profesa mmoja wa Kanada, Dallas Smythe, aliliandika mwaka 1977 kwa uwazi uliowaudhi wengi: chombo cha habari kinachoishi kwa matangazo bidhaa yake ni wale wanaokisikiliza, na mteja ni mwenye tangazo. Yaani mama aliyekaa na chai yake anasikiliza hadithi, yeye ndiye anauzwa, na hadithi ni gharama ya kumkalisha pale.

Kuna watu walifanya hii kuwa sayansi. Edward Bernays, mpwa wa yule Freud wa mambo ya nafsi, alipewa kazi na kampuni ya sigara ya Marekani, shida yao ilikuwa wanawake wanaona haya kuvuta hadharani, yaani nusu ya soko imelala. Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1929 akapanga wasichana watembee kwenye gwaride la New York wakivuta, na waandishi wa magazeti wameshatonywa mapema kwamba hizi zinaitwa mienge ya uhuru. Magazeti yakaandika kama habari. Hakuna aliyeona tangazo! Kila nikiona leo dada mzuri yuko ufukweni Nyali anasema eti hii krimu ameigundua tu mwenyewe jamani hakulipwa na mtu, namkumbuka Bernays.

Haya, turudi kwetu. Hapa tulianza na njia karibu ya London: enzi ya mkoloni palikuwa na Sauti ya Mvita, redio ya hapa Mombasa, mwaka 1964 ikaja Voice of Kenya, redio ya serikali, na wazee watakwambia habari za kukata leseni ya redio. Sitaipamba. Redio ya serikali ilikuwa na bwana wake, ilikuwa taarifa ya habari inaanza na Rais amefanya nini hata kama hakufanya kitu. Ikageuzwa KBC mwaka 1989, KTN ikafungua televisheni ya kwanza ya binafsi 1990, mwaka 1996 FM za binafsi zikaanza na tukashangilia sote kwa haki, tulikuwa tumebanwa. Ila tulitoka kwa bwana mmoja tukaingia kwa mwengine na huyu wa pili hana uchaguzi kila miaka mitano. Pale Kisauni pana mtaa unaitwa VOK, jina lilibaki kutokana na hio Voice of Kenya. Muulize mtoto wa sasa VOK ni nini, hatakwambia redio, atakwambia dampo. Mifuko, pampasi, masanduku ya televisheni bapa, viatu vya kichina vilivyokatika ukanda kabla ya Idd haijaisha.

Lakini redio na televisheni ni wazee sasa, kazi yenyewe iko kwenye simu, na hapa Kenya tuko mbele ya wengi kwa namna ambayo sioni ikisemwa sana. Yule Mmarekani wa 1929 akivutiwa na tangazo alikuwa bado na safari. Amalize kusoma, avae viatu, apande tramu, afike dukani, atie mkono mfukoni na pesa ziwemo. Kila hatua ni nafasi ya kujirudi, kukumbuka kodi, kukutana na mtu akakwambia hicho kitu kibovu usinunue. Sisi M-Pesa ilikuja Machi 2007, na ni kitu kizuri, imewasaidia watu kutuma pesa nyumbani bila kumpa dereva wa basi bahasha. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ukaweza kukopa kwenye simu hio hio. Januari 2019 ikaja Fuliza, hapo hata kama salio halitoshi malipo yanapita utadaiwa baadaye. Sasa hesabu. Tangazo limo kwenye simu, duka limo, pesa imo, mkopeshaji yumo, wote wamepanga chumba kimoja na mlango ni pini ya tarakimu nne. Safari ya Mmarekani imefutwa. Na simu yenyewe mara nyingi ni ya kulipa kidogo kidogo kila siku, ukikosa inajifunga. Palikuwa na zile programu za mikopo, ukichelewa wanapigia watu walioko kwenye simu yako mpaka mama mkwe anajua unadaiwa, mambo hayo yalitia watu aibu sana mpaka Benki Kuu ikapewa kanuni za kuwabana mwaka 2022.

Kamari sitaki kuisemea sana, itanipandisha presha. Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo yote ya kamari siku 30, redioni, televisheni, mabango, mitandao, na baadhi ya vituo vilikuwa vinalia kama vimefiwa, ndio nikajua mkate ulikuwa unatoka wapi.

Nije kwenye harusi, manake hapo ndipo mie naona haya mambo kwa macho yangu.

Zamani kama hukuwa na gauni la harusi ya Kibokoni uliazima la harusi ya Majengo wiki ile nyengine. Dhahabu ndio kabisa, ilikuwa inazunguka ukoo mzima, mkufu mmoja umewatoa mabinti wa nyumba nne na kila mtu anajua na hakuna aibu, aibu ilikuwa kumnyima mtu. Sasa binti yangu wa ndugu, msichana mwenye kazi nzuri tu huko Changamwe, ananiambia khala mie hilo gauni sivai. Kwa nini, lina shida gani? Limeshapostiwa. Hajalivaa mara mbili mbele ya watu wale wale, hata kidogo, harusi ya kwanza ilikuwa Mtwapa ya pili Mji wa Kale, wageni hawajuani. Lakini picha iko, na watu wanaomfuata ni hao hao popote harusi ilipo. Nilimwelewa vizuri, na kinachoniuma ni kwamba ana haki. Ukumbi umekuwa mmoja, hauishi wageni, na yule mpinzani wa mtaa wa pili sasa yuko Dubai, Istanbul, ni msichana ambaye hatujui mumewe anafanya nini wala kama ile dhahabu ni ya khaloo yake. Pengine ni ya kukodi. Pengine na nyumba ni ya kukodi kwa saa! Unashindana na mtu ambaye huwezi kumchungulia jikoni.

Basi tufanyeje? Nimesoma walivyofanya wengine. São Paulo, Brazil, mji mkubwa kupindukia, meya wao Gilberto Kassab alipitisha sheria ya mji safi, kufika 2007 mabango ya biashara yakashushwa mji mzima, watu wakaanza kuona majengo ambayo hawakujua yapo, na mitaa ya mabanda iliyokuwa imefichwa nyuma ya mabango nayo ikaonekana. Grenoble kule Ufaransa walitangaza mwaka 2014 kuondoa mabango 326 wapande miti na waweke ubao wa matangazo ya watu wa mtaani. Quebec tangu 1980 ni marufuku kumtangazia biashara mtoto wa chini ya miaka 13. Uswidi 1991 wakaweka hivo hivo kwa televisheni, chini ya miaka 12, ila kituo kimoja kilikuwa kinarusha kutoka London sheria ikawa haikishiki. Hilo la Uswidi ndilo letu. Ushushe mabango yote kutoka Buxton mpaka Mwembe Tayari, sawa, barabara itapendeza, lakini bango la kweli analo kila mtu mkononi na linarushwa kutoka mbali kuliko London. Halafu Wakanada wakabuni siku ya kutonunua kitu, 1992, Vancouver, siku hizi inafanywa hio hio Ijumaa yao nyeusi. Nilimsimulia jirani yangu anauza viazi karai, akaniambia siku kama hio yeye anazo nyingi wala hakujua ni harakati.

Wengine watasema mitumba. Si ndiyo njia mbadala hio, nguo haitupwi inavaliwa tena? Ukienda Kongowea asubuhi belo zinapofunguliwa utaona inavyofanya kazi: kamera, yaani zile nzuri kabisa, zinachaguliwa kwanza na wenye maduka, mchana zinabaki za bei ya kati, jioni fagia, rundo la chini kabisa unajichotea. Mie navaa mitumba, nimevalishwa mitumba tangu mdogo. Ila tusiipe sifa isiyo yake, mitumba ni mkia wa ule ule mnyama. Mzungu akiacha kununua kwa fujo belo haziji. Na fagia ikikosa mtu inaenda wapi? Nimeshaitaja VOK.

Kijana wangu wa nyumbani, mtoto wa ami yangu, anauza viatu vya mitumba TikTok, anaingia laivu usiku. Nilipomwambia naandika mambo haya akanijia juu: "Sasa khala, mie nisipotangaza nile nini? Kodi ya duka mjini waijua weye?" Naijua. Na ana hoja, matangazo ndiyo yamemtoa. Lakini nilikaa nikamwangalia anavyofanya. Anainua kiatu, mtu anaandika nionyeshe soli, anageuza, soli imelika upande mmoja, anasema imelika jamani nimepunguza. Mwengine anaandika kile cha juzi kilinibana, anajibu lete nikubadilishie. Watu elfu wanasikia. Huyo yuko pale uso wake unaonekana, akidanganya leo kesho anaaibishwa hapo hapo mbele ya wateja wake. Tabu yangu ni kwamba hata yeye hajui laivu yake itaonyeshwa watu wangapi. Jana elfu, leo ishirini, hakuna sababu, mwenye jukwaa ndiye anaamua, na akitaka waongezeke alipe. Amekuwa kama wavuvi wa Likoni na mawimbi ya meli za watu, hilo ndilo nilimwambia, akacheka lakini alinielewa.

Njia mbadala ninayoiamini mie ilishakuwepo na ilikuwa redioni, na ajabu ni kwamba watu wenye elimu walikuwa wakiicheka. Kadi za salamu. Wenye umri wangu mnakumbuka. Unanunua kadi, unajaza majina ya watu wako, salamu zimfikie fulani wa Mikindani, fulani wa Voi, fulani popote alipo, na ujumbe mdogo, na mtangazaji anazisoma moja moja kwa sauti yake ya taratibu. Watu walijipa majina ya kuvutia, vilabu vya salamu vikaanza nchi nzima, wanachama hawajawahi kuonana wanachangiana harusi, wanazikana. Wachache walielewa walichokuwa wanakitazama: redio iliyolipwa na wasikilizaji ili isome majina ya wasikilizaji. Shilingi zako chache, na kilichosikika hewani ni jina la mamako. Hakuna sabuni pale katikati. Matangazo ya vifo nayo ni hivo, familia inalipa, nchi inasikia, jamaa wanapanda basi wanakuja kuzika. Na katika redio hio hio mtoto wa Freretown, Leonard Mambo Mbotela, Mungu amrehemu amefariki Februari 2025, alikaa zaidi ya miaka hamsini na kipindi kinachouliza kitu kimoja tu, je, huu ni ungwana. Mtu amefanya hivi, je, huu ni ungwana? Kipindi hicho hakikutaka ununue chochote. Kilitaka uone haya kidogo.

Watu husema aah, nani atalipia redio leo, watu hawana pesa. Pesa zipo, zinakwenda kwenye bando. Tunanunua bando la kutwa ili tuangalie matangazo ya watu, yaani yule mama wa sabuni angalau hakulipa nauli ya kwenda kuuzwa. Redio ndogo za jamii zimejaribiwa sehemu nyingi nchini na ugonjwa wao unajulikana, mfadhili akija zinapanda, akiondoka mtambo ukiharibika unakaa miezi. Hazikosi wasikilizaji, zimekosa ile kadi. Mie naona chama cha kina mama kumi na tano kinachoweza kununuliana masufuria kila mwezi kinaweza kulipia saa moja ya redio ya mtaa kwa wiki, wakaitumia wanavyotaka, wataje fundi gani wa friji Tononoka ni mwaminifu na yupi alikula pesa ya mtu. Hio moja tu ingewaogopesha wauzaji wabovu kuliko bango lolote kushushwa. Kizuri kingejiuza.

Na kuna sehemu ambapo tumeshaanza bila kujiita wanaharakati. Harusi za wanawake za mji huu, nyingi siku hizi kadi ya mwaliko imeandikwa chini: simu haziruhusiwi. Sababu ni stara, watu wamevua mabuibui, wamesuka, hakuna anayetaka picha yake izunguke vikundi vya WhatsApp. Mlangoni amekaa mama mkali na kikapu, unaacha simu unapewa namba. Usidhani ndani watu wamevaa vibaya, thubutu! Ndani pameng'ara kuliko kule kwenye picha, na mashindano yapo, nimeshasema ni ya ukoo. Lakini yule binti aliyekataa gauni la Mtwapa nimemwona nalo humo ndani, amelipiga na mkanda mwengine, anacheza chakacha mpaka jasho linamtoka. Na mkufu niliouona shingoni kwa mtu nilikuwa nimeuona kwa mwengine harusi ya mwezi uliopita, tukaangaliana tukacheka.

Picha zenyewe hazikosekani. Kuna mpiga picha wa kike, analetwa na bi harusi, anapiga na kuhariri mwenyewe, akimaliza anampa mwenyewe zote na anafuta zake. Ni ghali, bi harusi wa juzi alilalamika mpaka dakika ya mwisho wakapunguziana kidogo. Nilimuuliza yule mpiga picha mbona asiweke hata mbili tatu kwenye ukurasa wake ajitangaze, apate kazi zaidi. Akanambia akiweka moja tu hapati kazi tena mji huu.